Meno ya Punda Aitwaye Kahama

Mgodini, Geita
4 Februari 1951

Shemeji Bernadina,

Pokea salamu pamoja na punda. Usirudi nyuma kusoma tena, umesoma sawasawa: punda. Aliyekupa barua hii ni Januari, mpeleka ng'ombe, na huyo aliyemshika kamba ni punda jike niliyemnunua mnadani Kahama nilipokuwa likizo. Punda hasa, shemeji! Kifua kipana, miguu imenyooka, na ule mstari mweusi wa mgongoni hauna kona. Watu walisimama kumtazama, na mimi nikasimama kuwatazama wanavyomtazama.

Namweka kwako kwa desturi yetu ileile ya kuwekeana mifugo, na nayaandika masharti ili pasiwe na maneno baadaye. Wewe utamtunza. Mtoto wake wa kwanza ni wako, awe dume awe jike. Wa pili ni wangu, na kuendelea. Mumeo Athanas alikuwa rafiki yangu, tulianza kazi ya shimoni siku moja. Alipofariki kwa kichomi na ndugu zake wakaja kuswaga ng'ombe wote wakisema ni wa ukoo, nilisikia uchungu mpaka leo sijapoa. Nataka uwe na mnyama wako mwenyewe ambaye hakuna mtu atamswaga.

Na mimi nina hamu zangu. Miaka minane chini ya ardhi inatosha. Kifua kimeanza kulalamika asubuhi. Nikipata punda wanne watano nitarudi Usanda nibebe mpunga wa watu, nikitembea juani kama binadamu.

Kwa hiyo usichelewe. Ana miaka mitatu. Nilimfungua mdomo mwenyewe mbele ya mnada mzima: meno ya mbele ya utoto yameshang'oka, mawili juu, mawili chini, anangoja ya ukubwa. Mwuzaji alitaka kunieleza, nikamwambia nyamaza, mimi ni Msukuma, mdomo wa mnyama sisomewi. Watu walinishangilia. Mpeleke kwa mzee Masele, dume lake linajulikana hadi Tinde.

Shemeji yako,
Onesmo

---

Usanda, Shinyanga
2 Machi 1951

Shemeji Onesmo,

Wabeja sana, asante mno. Nimempokea. Alifika na kiu, akanywa ndoo mbili, kisha akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Nimempa jina la Kahama, kwa kuwa ndiko alikotoka.

Ni mzuri kweli. Kwato zake ngumu, macho maangavu, na hana woga wa watu. Kwa hayo jicho lako halikukosea.

Kwa Masele sitampeleka mwaka huu. Bado ni mchanga. Atakapokuwa tayari nitakuandikia mimi mwenyewe. Ahadi ya yule wa kwanza nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imechoka kwenye mikunjo. Sijawahi kuwa na kitu chenye pumzi nikasema hiki ni changu. Basi ujue kwamba ninayekuambia ungoje ndiye mwenye haraka kuliko wewe.

Wako katika heshima,
Bernadina

---

Mgodini, Geita
9 Aprili 1951

Shemeji,

Mchanga! Salaale! Punda wa miaka mitatu ni mchanga, basi mimi ni mtoto wa kubebwa mgongoni. Nilipomsomea barua yako jirani yangu wa kitandani alicheka mpaka akamwaga uji. Nyie mliokaa sana na masista mnawaonea huruma hata wanyama wanaotaka kuolewa.

Nakutania tu. Najua baba yako alikuwa msafiri wa chumvi, akienda Eyasi na kurudi na punda zake, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume alikufundisha wewe. Nakuheshimu kwa hilo. Lakini mdomo niliufungua mimi. Hesabu yangu ni hii: apandwe mwezi wa nane, miezi kumi na miwili tumboni, na mwaka kesho wakati kama huo una mwanapunda wako. Huoni ni jambo jema?

Huku tumeanza shimo jipya. Maji yanatufika magotini na mwamba ni mgumu. Fanya hima.

Onesmo

---

Usanda
20 Agosti 1951

Shemeji Onesmo,

Kahama alipata joto kwa mara ya kwanza wiki iliyopita. Unajua wanavyofanya: masikio nyuma, shingo mbele, anatafuna mdomo mtupu mate yakimtiririka, na mkia haukai. Dume la Masele lilinusa kutoka upande wa pili wa lambo na kuja mbio na kamba yake shingoni. Nilimwingiza Kahama kwenye ngitili ya mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, tunapohifadhi majani ya kiangazi, nikaziba mlango kwa miiba ya mgunga na kusimama hapo na fimbo siku nne.

Mzee Masele alikuja akanisema. Alisema, "Mayu, mama, mwenyewe anataka, wewe unakataa nini?" Nikamjibu kwamba hata msichana wa kipaimara anaweza kutaka, wala hatuitishi harusi. Aliondoka amenuna.

Huu ndio mtego wenyewe, shemeji. Joto linakuja mapema, mwili unafuata taratibu. Nyonga zake bado nyembamba. Nikiweka kiganja katikati ya mifupa miwili ya nyuma, vidole vinagusa pande zote. Mtoto atapita wapi? Baba yangu alipoteza punda wawili hivyo, mama na mtoto kwa kila mmoja, na alilia mbele yangu. Mwaka huu sitampandisha.

Bernadina

---

Mgodini, Geita
15 Novemba 1951

Bernadina,

Leo sianzi na salamu. Pantaleo, shemeji yako wa damu, mdogo wake Athanas, amefika hapa kutafuta kazi. Amenieleza mbele ya watu kwamba amekuona kwa macho yake ukitoka lambo na punda wangu amebeba madebe mawili, moja kila upande, asubuhi na jioni. Anasema kijiji kizima kinajua. Lisemwalo lipo.

Sasa nimeelewa habari ya uchanga. Punda mwenye mimba hupumzishwa, na wewe hutaki apumzike. Mgongo wake ni mchanga kwa dume ila kwa maji umekomaa! Ningejua unataka punda wa kuchota maji ningekutafutia mzee mmoja mwenye vidonda, si huyu niliyemtolea jasho la shimoni.

Nimeumia, nasema wazi. Nilikuamini kuliko ndugu zangu.

Nimemwandikia mzee Masele. Siku moja baada ya Noeli atakuja na barua yangu, umkabidhi punda. Atakaa zizini kwake na atapandwa hukohuko. Na kwa kuwa hukumtunza kwa shabaha tuliyokubaliana, neno la mtoto wa kwanza nalo limekwisha.

Onesmo

---

Usanda
6 Desemba 1951

Shemeji Onesmo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nitajibu kwa mpangilio, kisha utafanya utakalo.

Kwanza madebe. Ni kweli anabeba madebe mawili. Ni matupu. Ninamzoesha mlio wa bati na kitu cha kumgonga ubavuni, ili siku atakapobebeshwa mzigo wa kweli asitimke na kuuvunja. Debe lenye maji lilikuwa kichwani kwangu, nami nilikuwa mbele nimeshika kamba. Pantaleo aliliona lile la kichwani, kwa kuwa alinisalimu na mimi nikashindwa kuinama. Muulize alisema nini. Alisema, "Shemeji, mbona unajitesa na una punda?" Hilo hakukusimulia.

La pili ni gumu, na nimelificha miezi kumi. Kahama hakuwa na miaka mitatu ulipomnunua. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Meno yale hayakung'oka, yaling'olewa. Mwuzaji aliyatoa kwa koleo ili punda aonekane ameanza kubadili meno, maana punda anayekaribia kuzaa hununuliwa upesi kuliko mtoto. Siku ya kwanza nilipomfungua mdomo nilikuta fizi imechanika upande mmoja na kovu bado jekundu. Jino likianguka lenyewe, la ukubwa liko chini yake linasukuma, na halichukui miezi miwili kuonekana. Sasa ni miezi kumi. Pengo ni lilelile, juu na chini. Wala usione haya peke yako, umbo lake kubwa lingemdanganya mtu yeyote aliyekuwa na furaha kama uliyokuwa nayo.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu uliniandikia kwamba mnada mzima ulikushangilia. Nilidhani nitaweza kumlinda punda na wewe pia, wote wawili, kwa neno moja tu la "mchanga". Nilikosea. Ningekuambia mapema usingeumia hivi, wala mimi.

La tatu. Wa kwanza ni wangu. Ningekuwa mtu wa tamaa ningempandisha mwezi wa nane ulivyotaka, akazaa au akafa, nami nikacheza bahati yangu kwa mali yako. Fikiria hilo polepole.

Masele akija nitampa kamba. Punda ni wako. Nitamwomba jambo moja tu, amfungue mdomo kabla hajaondoka naye.

Bernadina

---

Usanda
27 Desemba 1951

Onesmo mwanangu,

Naandika mwenyewe, mkono wa askari, niliojifunza kambini Bama wakati wa vita. Utavumilia herufi.

Nilikwenda kwa Bernadina jana na barua yako. Nilikwenda kwa furaha, sikufichi, kwa sababu yule mwanamke alinijibu vibaya mwezi wa nane na dume langu likarudi na miiba puani. Alinikaribisha, akanipa michembe ya viazi na maziwa ya mgando. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, peke yetu, akaweka kamba mkononi mwangu na kusema, "Baba, ni wako. Tazama mdomo kwanza."

Nilitazama. Nimefuga punda tangu Mjerumani. Nilitazama tena. Nikamrudishia kamba.

Wewe mtoto wee! Ulinunua ndama wa punda ukamwita mama! Dume langu lina uzito wa kumvunja mgongo huyo. Mimi sipandishi watoto, hata nikilipwa, hata nikiandikiwa barua na gavana. Na mimi mwenyewe mwezi wa nane nilidanganyika na joto lake, sikuwahi kufikiria meno. Mwanamke yule alisimama na fimbo siku nne juani kulinda punda wa mtu mwingine, mimi nikimcheka. Nimemwomba radhi. Nina umri huu na sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwomba mtu radhi.

Amenifunga mdomo nisiseme kijijini habari ya meno. Anasema ni aibu yako, si yake kuigawa. Sitasema. Lakini kwako nasema: mwandikie vizuri.

Masele

---

Mgodini, Geita
18 Januari 1952

Shemeji Bernadina,

Barua yako na ya mzee Masele zimefika siku moja. Nilizisomea chooni, mahali pekee hapa ambapo mtu anaweza kuona haya bila kuulizwa ana nini.

Nisamehe. Sitalizungusha. Nilikutukana, nikakuvunjia ahadi, na ukweli ulikuwa upande wako tangu siku ya kwanza ulipotia kidole mdomoni mwa punda yule. Nimekaa nikikumbuka mnada ule. Kumbe yule mwuzaji hakutaka kunieleza chochote, alikuwa anatabasamu. Nilidhani ananiheshimu!

Pantaleo nimemuuliza juu ya debe la kichwani. Amesema alisahau. Baada ya siku tatu amefunga virago, amerudi nyumbani. Jihadhari naye.

Ahadi ya wa kwanza imerudi palepale ilipokuwa, na nazidisha: uamuzi wa lini ni wako. Mimi neno "lini" sitaliandika tena. Ukisema miaka mitano, itakuwa mitano. Nimetembea na watu wengi wanaojua mambo, shemeji, mafundi wa baruti, wapima mwamba, watu wanaogonga ukuta kwa nyundo na kukuambia nyuma yake kuna nini. Wote hao wakijua kitu lazima wakipigie ngoma. Wewe ulijua ukanyamaza ili mimi nibaki mtu mbele za watu. Sikuwa najua kwamba kujua kunaweza kuwa hivyo.

Nakushukuru. Na Mungu akuweke.

Onesmo

---

Usanda
29 Machi 1953

Shemeji Onesmo,

Hukuuliza kwa mwaka mzima na zaidi. Niliona unavyojikaza katika barua zako, unaanza sentensi juu ya punda halafu unahamia kwenye mvua. Sasa nakuandikia kama nilivyoahidi: Kahama yuko tayari.

Nikueleze nilivyojua. Baba alikuwa na kamba ya katani. Kila mvua za kwanza zilipoanguka alimsimamisha punda mahali pa tambarare, akapima kutoka kwato la mbele hadi juu ya mabega na kupiga fundo. Mwaka unaofuata anapima tena, anapiga fundo jingine. Mafundo yakiwa yanaachana, punda bado anakua. Fundo jipya likikaa juu ya lile la zamani, amefika. Mimi nilipima Novemba ya mwaka wa kwanza, nikapima Novemba iliyopita, mafundo yakaachana upana wa vidole viwili. Nikangoja. Nimepima tena juzi, vidole vya mkono wangu havikupata pa kuingia.

Meno ya mbele ya ukubwa yametoka, na yanayofuata kando nayo yametoka pia. Kiganja changu sasa kinapotea katikati ya mifupa ya nyonga. Na tabia imebadilika. Zamani alikuwa anarukaruka akiona kivuli cha mwewe. Siku hizi anasimama, anatazama, anaamua. Mzee Masele amekuja na kumzunguka mara tatu, kisha akavua kofia yake ya jeshi. Nikamuuliza, "Baba, vipi?" Akasema, "Nampa heshima yake."

Atapandwa joto lijalo, baada ya Pasaka. Nitasimama hapo mwenyewe. Safari hii bila fimbo.

Bernadina

---

Mgodini, Geita
14 Februari 1954

Shemeji Bernadina,

Hapa hatujambo. Mvua ni nyingi. Mpishi wa kambi amebadilishwa, huyu mpya anajua kupika maharage. Padri alikuja, akabatiza. Mwanza meli imechelewa. Kuna mtu wa Bukoba ameleta senene wa kukaanga na tumegombana kugawana. Kifua changu kinakwenda kinarudi.

Sina jambo jingine. Sikuulizi kitu chochote.

Mwezi wa pili umefika katikati, nasema tu kwa ajili ya kalenda.

Onesmo

---

Usanda
16 Mei 1954

Shemeji Onesmo,

Amezaa. Mama yuko hai, mtoto yuko hai. Nimetanguliza hayo usije ukashindwa kusoma mengine.

Ilikuwa Jumapili, wiki mbili zilizopita, watu wakiwa misani. Mimi sikwenda, Mungu anajua kwa nini. Chuchu zilikuwa zimetoa nta tangu Ijumaa, dalili kwamba kuzaa ni karibu. Saa tatu asubuhi alilala chini, akainuka, akalala tena. Zikatangulia kwato mbili ndogo, moja mbele ya nyingine kidogo, kisha pua juu yake, sawasawa kama inavyotakiwa. Niliweka mikono yangu nyuma ya mgongo ili isimsaidie mtu ambaye hajaomba msaada. Hakuniomba. Alisukuma mara nane na mtoto akateleza chini kwenye majani. Nikapiga magoti nikalia kwa sauti, na Kahama akamnusa mtoto, akaninusa na mimi kichwani. Ni jike. Ana mstari uleule wa mgongoni. Kabla misa haijaisha alikuwa amesimama ananyonya.

Siku tano nilikuwa mtu mwenye mali. Siku ya sita Pantaleo alikuja na kamba. Amesema aliyezaliwa katika zizi la marehemu kaka yake ni wa ukoo, na kwamba mjane hawezi kuwa na mnyama ila kwa mkono wa wanaume wa nyumba. Nilisimama mlangoni, hakupita. Amekwenda kushtaki kwa mwanangwa.

Baraza limekaa mara moja. Nilitoa barua yako ya mwaka 1951. Pantaleo akasema karatasi hiyo ni huruma ya rafiki kwa nyumba ya Athanas, kwa hiyo mali ni ya nyumba, na kwamba mimi nilichunga tu kama yeyote angechunga. Mwanangwa si mtu mbaya. Aliniuliza, "Mayu, ulifanya nini zaidi ya kuchunga, hata mtu akupe wewe mnyama na si nyumba?" Jibu nilikuwa nalo, shemeji. Lilifika mdomoni. Mzee Masele alinitazama, nikatikisa kichwa, akanyamaza naye. Jibu hilo lina jina lako ndani yake.

Baraza limeahirishwa hadi mwisho wa mwezi wa sita wapate neno la mwenye punda. Sikuombi useme lolote usilotaka. Nimekuarifu tu.

Bernadina

---

Mgodini, Geita
1 Juni 1954

Kwa Mwanangwa wa Usanda na wazee wa baraza,

Shikamooni wazee wangu. Naomba karatasi hii isomwe kwa sauti, yote, msomaji asiruke mstari hata akiona unamfedhehesha aliyeandika.

Mimi ni Onesmo wa hapo Usanda. Wengi wenu mlisikia nilivyojisifu mwaka 1951 kwamba nilifungua mdomo wa punda mnadani Kahama na kumjua umri. Nilidanganywa. Nilinunua mtoto aliyeng'olewa meno nikamwita mkubwa, na nikapiga kifua. Kisha nikataka kumlazimisha Bernadina ampandishe. Nilimwandikia barua za dhihaka, na nyingine ya matusi. Punda yule angepandwa nilipotaka mimi, leo mngekuwa mnagawana mifupa.

Bernadina aliliona kosa langu siku ya kwanza. Alimlinda punda dhidi ya dume, dhidi ya mzee Masele, na dhidi yangu mimi mwenye mali. Aliahidiwa mtoto wa kwanza, na hata hivyo ndiye aliyekataa haraka, miaka miwili. Alisingiziwa wizi wa jasho la punda na mtu ambaye sasa anadai mtoto wa punda huyohuyo, nanyi mnamjua. Na muda wote huo alikuwa na neno moja la kumwokoa, nalo ni ujinga wangu, akakataa kulisema. Najua hata mbele yenu amekataa kulisema. Basi nalisema mimi.

Yeyote angechunga, anasema Pantaleo. Mimi mwenyewe nisingeweza. Mtoto yule sikumpa kwa huruma, wala sikuipa nyumba ya Athanas, Mungu amrehemu. Amepata kwa kujua kwake. Ni wake yeye Bernadina, na watoto watakaozaliwa na huyo jike ni wake, na akifa atamrithisha amtakaye.

Mzee Masele ni shahidi. Ninamfungua mdomo.

Onesmo

---

Usanda
4 Julai 1954

Shemeji Onesmo,

Baraza lilikaa Jumatano, watu wengi kuliko msibani. Karani alisoma karatasi yako. Alipofika kwenye meno alisita, akamtazama mwanangwa, na mwanangwa akasema, "Soma. Mwenyewe ameagiza."

Walicheka, shemeji. Sitakuficha. Walicheka sana, wengine walishika matumbo, mmoja akaigiza unavyopiga kifua. Mimi nilitazama chini, nikaona machozi yananidondokea miguuni. Nilishukuru kwamba hukuwepo kuona. Halafu sijui nguvu ilitoka wapi, nikasimama bila kuruhusiwa. Nikasema, "Chekeni mmalize. Mwanaume gani hapa alishawahi kukosea mbele ya mwanamke akaandika barua ikasomwe kwa watu wote?" Kicheko kilikoma. Sikupanga kusema hivyo. Ni kitu nilichokuwa nacho moyoni kwako tangu barua ile ya chooni, na hakikuwahi kupata nafasi.

Mzee Masele alisimama baada yangu akatoa ushahidi wake kama askari, mikono ubavuni. Pantaleo aliulizwa juu ya debe la kichwani. Akasema hakumbuki, na mwanangwa akamwambia basi na huyu mwanapunda usimkumbuke.

Kisha mwanangwa akaniuliza mimi, rasmi, mbele ya wote, ili karani aandike: "Mwanapunda jike huyu ni wa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema jina la Athanas, na jina lako, na la baba yangu, na desturi yote tangu mwanzo. Nikasema, "Wangu."

Karani akaandika. Nikafungua kamba ya Kahama pale mtini nilipowafunga, yeye na mtoto. Tulirudi nyumbani, Kahama akiwa mbele, mtoto katikati, mimi nyuma, na njia nzima hakuna aliyeniuliza nawapeleka wapi.

Bernadina